Ndizi ya Kuchoma na Kiwanda cha Barafu

Jumatatu, 9 Februari

Siku mbaya. Mbaya sana. Profesa Ewurabena Eyeson, mkuu wa idara yetu, ameniita ofisini kabla sijamaliza uji. Hakunikaribisha kiti. Akasema wanafunzi wa mwaka wa tatu wametoa maoni yao kuhusu somo langu la Uchumi wa Uhandisi. Mmoja ameandika kwamba darasani kwangu anapata usingizi mtamu kuliko wa kwao. Nikatabasamu, nikidhani ni sifa. Si sifa.

Kosa ni la kitabu, si langu. Kimeandikwa huko nchi za baridi. Mfano wa kwanza: je, mji ununue mtambo wa kuzoa theluji au ukodi? Mfano wa pili: mtambo ule ule, sasa umechakaa, je, utengenezwe au uuzwe? Hapa Sekondi, mji wetu wa pwani yenye joto, theluji tunaiona kwenye kadi za Krismasi. Nimeifundisha miaka sita, kwa moyo wote, jasho likinitiririka mgongoni.

Profesa anasema somo huenda likahamishiwa kitivo cha biashara, apewe Dokta Brandful. Brandful! Paa Kwesi Brandful, mwanamume anayepangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia! Mimi nitarudishwa kufundisha Michoro ya Uhandisi mwaka wa kwanza, saa moja asubuhi, kwenye lile banda la bati, vijana mia tatu na rula zao. Nililitumikia banda lile zamani. Silirudii nikiwa hai.

Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini, Profesa atakaa nyuma ya darasa langu na kusikiliza. Brandful naye atakuja "kujifunza". Baada ya hapo Profesa ataamua.

Jioni nimesimama kwenye meza ya magazeti pale njia panda, nikisoma kurasa za mbele bila kununua, kama watu wote. Daraja limeporomoka. Mabasi mapya yamewasili. Mtambo wa maji umekwama. Nikashtuka. Uchumi wa uhandisi mtupu, umetundikwa pale kwa vibanio vya nguo! Nitafundisha kwa magazeti! Muuzaji akaniuliza kama nimemaliza au aniletee mto nilale kabisa. Mtu mwenye wazo kubwa hajibizani na muuza magazeti.

Jumanne, 10 Februari

Nimelitangazia darasa. Theluji kwaheri. Kila mwanafunzi alete habari moja ya gazeti kuhusu kitu kilichojengwa, kilichonunuliwa au kilichoharibika, na apige hesabu: je, kinalipa? Pesa ya kesho haina uzito wa pesa ya leo, nikawaambia, na cedi yetu ndiyo kabisa. Wakacheka. Wamecheka! Miaka sita sijawahi kuchekwa kwa kupenda kwangu.

Binti mmoja, Nhyira Amissah, anayekaa mbele na kuuliza maswali kana kwamba analipwa, akataka kujua kama habari ya redio inakubalika. Nikamwambia redio si gazeti. Akasema lakini redioni kila asubuhi wanasoma magazeti. Nikamwambia akae.

Nimemsimulia Yaaba usiku wakati wa kula. Mke wangu akasema wazo ni zuri mno, nimeliiba kwa nani?

Alhamisi, 12 Februari

Maafa. Nimekusanya kazi. Zaidi ya nusu ya darasa wameleta habari ile ile moja, ya daraja lililoporomoka, kwa maneno yale yale, pamoja na vichekesho vya mtangazaji wa asubuhi. Mmoja ameandika kabisa, "Na sasa tupumzike kwa wimbo."

Waliobaki wamepiga picha kurasa za mbele pale pale mezani njia panda. Vichwa vya habari vitupu. "UKURASA WA 7," kimeandikwa chini, na ukurasa wa saba hakuna anayeujua. Mmoja amepiga picha ikaingia na kidole cha muuzaji kikimfukuza.

Nhyira Amissah ameleta tangazo la msiba. Tangazo la msiba! Picha ya bibi kizee, orodha ya wafiwa, na tarehe ya mazishi, miezi minne baada ya kifo. Amepiga hesabu ya gharama za chumba cha maiti kwa miezi minne, akaweka riba ya mkopo wa mahema na viti, akaonyesha kwamba familia ingemzika bibi ndani ya wiki tatu, ingebaki na pesa ya kuwasomesha wajukuu wawili. Nimempa sifuri kwa kukosa heshima. Kisha nikairudia hesabu kimyakimya. Yuko sahihi. Sifuri imebaki pale pale.

Ijumaa, 13 Februari

Brandful amenikuta chumba cha walimu. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kama ni kweli nafundisha uhandisi kwa matangazo ya vifo. Watu wakaangua kicheko. Akasema yeye somo akilipata atatumia habari za magazeti makubwa ya ng'ambo, kwenye kompyuta, zikiwa na rangi. Kisha akapangusa kiti, akakaa.

Nikatoka na njaa ya hasira. Nje ya lango la pili, chini ya ukuta wa gofu moja lisilo na paa, makao ya mbuzi, yupo Anti Mansa na jiko lake la ndizi za kuchoma. Nikanunua moja na karanga. Akanifungia kwenye kipande cha gazeti kama kawaida. Nikala. Nikasoma. Trekta za halmashauri, bei zake, vipuri vyake, kila kitu! Habari nzima, si kichwa tu!

Nikamuuliza magazeti anayapata wapi. Akanionyesha rundo lililomfika kiunoni, limefunikwa turubai. Karani fulani wa reli aliyestaafu alikuwa akiyahifadhi nyumbani. Amefariki, na watoto wake wanamuuzia kwa mafungu. Nikamwomba niyapekue. Akasema hapana, karatasi yake ni ya ndizi. Nikasema nitainunua karatasi peke yake. Akaniangalia kama niliyemtukana mama yake. "Dokta, mimi si muuza magazeti. Anayetaka karatasi atakula ndizi."

Basi nimekula ndizi tano. Anti Mansa akadai elfu mia moja. Nikampa cedi kumi, tukaagana vizuri. Yeye na mama yangu mzazi ni wale wale. Serikali ilikata sifuri nne kwenye pesa yetu mwaka 2007, wao hawajaisamehe mpaka leo, na bei zote wanazitaja kwa pesa ya zamani. Masikio yetu yameshazoea. Hakuna hata anayefikiria.

Jumamosi, 14 Februari

Leo, siku ya wapendanao, nchi nzima inapeana chokoleti. Nimemletea Yaaba ndizi tatu za kuchoma. Akazigeuzageuza. Nikamweleza kwamba habari zilizofungia ndizi ni za kuvutia, moja inahusu mitaro. Akasema hataki chokoleti wala mitaro, anataka friza yake, ile tunayowekea akiba tangu mwaka juzi, aanze kuuza samaki wa barafu. Nikamwambia friza inakuja. Akasema anajua, inakuja kwa miguu.

Lakini ndizi ya tatu! Ndizi ya tatu imekuja na hazina!

Kichwa cha habari: KIWANDA CHA BARAFU KULETA NEEMA SEKONDI. Kampuni ya Nyota ya Pwani itajenga kiwanda kikubwa cha barafu kwa ajili ya wavuvi, karibu na kivuko cha zamani cha reli. Gharama: cedi bilioni nane. Bilioni nane! Hapa kwetu, na hakuna aliyeniambia! Kila kipande cha barafu kitauzwa cedi elfu ishirini na tano. Mhandisi mmoja kijana, Bi. E. Dadzie, amenukuliwa akisema mtaji utarudi ndani ya miaka minne. Huyu Bi. Dadzie nimempenda. Anaongea kama mimi.

Tarehe haipo, Anti Mansa hukata karatasi juu kwanza. Lakini karatasi ni nyeupe, imenyooka, haina doa. Gazeti la wiki hii, bila shaka yoyote. Hii ndiyo habari yangu ya Ijumaa. Kile kitabu cha theluji kinalipa ili barafu iondolewe. Mimi nitaonyesha barafu ikiingiza pesa. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Yaaba akafunga mlango.

Jumapili, 15 Februari

Mtaalamu hategemei gazeti peke yake. Baada ya ibada nimewafuata akina mama wauza samaki nje ya kanisa, wakiwa bado na vitambaa vyao vya Jumapili, nikawauliza barafu wananunua bei gani siku hizi. Wakaanza kulalamika wote kwa pamoja. Elfu hamsini kipande! Kwa mwaka inawatoka milioni na mamilioni! Mmoja akasema, "Mwanangu, barafu inatula kuliko waume zetu." Wakapigana vikumbo kwa kicheko, nami nikaandika.

Elfu hamsini! Na Bi. Dadzie alipiga hesabu kwa elfu ishirini na tano tu! Maana yake faida ni maradufu ya alivyotabiri. Nimekaa kwenye hesabu mchana kutwa. Mtaji unarudi kwa miaka miwili. Sijawahi kuona mradi mzuri hivi maishani mwangu. Nilisimama nikazunguka meza.

Jumatatu, 16 Februari

Nimekwenda kutafuta eneo la kiwanda nipige picha ya kuonyesha darasani. Nimetembea juani hadi viatu vikalia. Kivuko cha zamani cha reli hakuna anayekijua. Reli yenyewe imefukiwa na vibanda. Kijana mmoja wa pikipiki akaniambia kivuko kilikuwa upande wa chuo, mzee mmoja akasema upande wa bandari. Nikachoka. Nikarudi kwa Anti Mansa, nikala ndizi, nikaegemea ukuta wa gofu nikiwaza wapi hasa watakijenga. Mbuzi mmoja akatoa kichwa dirishani juu yangu, akala ukosi wa shati langu.

Nitachora tu mchoro wa kiwanda kwa mkono. Utakuwa mzuri kuliko picha.

Jumanne, 17 Februari

Ujanja wangu mkubwa leo. Darasa zuri linahitaji swali zuri, na swali zuri haliji lenyewe. Nimemwita Nhyira Amissah ofisini. Nikampa nakala ya habari ya kiwanda na kumwambia kwamba Ijumaa, nikifika ubao wa pili, anyooshe mkono aulize: je, riba ikipanda, kiwanda bado kitalipa? Jibu ninalo, na grafu yake yenye rangi tatu.

Akaisoma ile habari mstari kwa mstari. Akaikunja. Akasema, "Dokta, sifuri yangu kwanza."

Unyang'anyi! Ndani ya ofisi yangu! Nikamwambia heshima ya mwalimu hainunuliwi. Akasema sawa, basi Ijumaa atauliza swali lake mwenyewe. Nimemwondolea sifuri. Nimempa hamsini.

Jumatano, 18 Februari

Nhyira amekuja mara mbili kugonga. Anasema ana jambo la muhimu kuhusu kile kiwanda. Najua jambo lake: anataka sabini. Nimejifungia kwa ndani na kuzima taa. Mara ya pili akaongea kwa tundu la ufunguo, "Dokta, najua upo, nasikia unatafuna ndizi." Nimeacha kutafuna. Akaondoka.

Brandful nimemwona dukani akinunua tai mpya. Sina haja ya kumuuliza ni ya nini. Ya Ijumaa hiyo. Anunue tu.

Alhamisi, 19 Februari

Nimefanya mazoezi mbele ya Yaaba. Alikuwa akichambua kunde. Mwishoni nikamuuliza ameonaje. Akasema kama kiwanda kinaingiza pesa zote hizo, mbona wavuvi bado wananunua barafu ya elfu hamsini kwa mtu mmoja mwenye lori? Nikamweleza kwa upole kwamba hakijajengwa bado. Akauliza kitajengwa lini. Nikamwambia hayo ni mambo ya utekelezaji, mimi ni mchumi. Akarudi kwenye kunde zake.

Kesho! Nimepiga pasi shati la bluu. Upande mmoja wa ukosi haupo, lakini nitasimama ubavu.

Ijumaa, 20 Februari

Nianze mwanzo.

Saa nne kamili. Darasa limejaa. Profesa Eyeson nyuma kabisa, karibu na dirisha, miwani puani. Brandful pembeni yake, tai ya dhahabu, ameshapangusa kiti. Umeme umekatika, kwa hiyo feni hakuna na madirisha yote wazi. Mimi ubavu.

Nimeanza vizuri. Naapa nimeanza vizuri! Nikabandika mchoro wangu wa kiwanda. Nikasoma habari kwa sauti ya mtangazaji. Nikamsifu Bi. Dadzie, nikasema taifa lenye wahandisi kumi kama huyu binti halitakopa tena. Profesa akavua miwani. Nikasema moyoni, amekolea. Nikapanda ubaoni: bilioni nane ndani, vipande vya elfu hamsini nje, mwaka wa kwanza, wa pili, tayari mtaji umerudi! Nikalizungushia jibu duara. Chaki ikavunjika kwa furaha.

Nikafika ubao wa pili. Nikamtazama Nhyira. Akanyoosha mkono. Nikasema, ndiyo, binti, uliza bila woga.

"Dokta," akasema, "barafu hiyo ya elfu hamsini kipande, ni ya maji au ya dhahabu?"

Darasa likalipuka. Nikasema hilo silo swali. Akasema anaelewa, lakini cedi elfu hamsini si ndiyo mshahara wa mhadhiri kwa mwaka mzima? Kwa hiyo Dokta akifanya kazi kuanzia Januari hadi Desemba anaweza kununua kipande kimoja, na kitayeyuka kabla hajafika nacho nyumbani?

Niliuangalia ubao. Ubao ukaniangalia. Akina mama wa kanisani! Anti Mansa! Mama yangu mzazi! Ile pesa ya zamani imepita masikioni mwangu ikaingia ubaoni bila kubisha hodi.

Brandful akasimama, uso umemeremeta. Akaomba ruhusa ya kuongeza neno dogo. Akasema kama gazeti linataja bilioni nane na vipande vya elfu ishirini na tano, basi gazeti lenyewe ni la kabla sifuri hazijakatwa. Akauliza kwa upole wa nyoka, "Ndugu yangu Arhinful, hili gazeti ni la lini?"

Nikasema la karibuni. Nikasema karatasi ni nyeupe.

Hapo Nhyira, akiwa amesimama bado, akasema alimuuliza babu yake, na alijaribu kuniambia siku ya Jumatano lakini ofisi ilikuwa giza. Kivuko cha zamani cha reli kilikuwa nje ya lango la pili. Kiwanda kilianza kujengwa mwaka 2004. Tena kipo mpaka leo. Akaonyesha dirishani.

Darasa zima likageuka. Gofu. Lile gofu! Kuta zangu za kuegemea! Mbuzi wawili juu ya ukuta, mmoja akitafuna kitu cha bluu. Kijana fulani nyuma akapaza sauti, "Wafanyakazi wa Nyota ya Pwani hao, wako mapumzikoni!" Vicheko vilinipiga kama mawe. Brandful alikuwa anajifuta machozi kwa ile leso ya viti. Nikaliona banda la bati. Nikaziona rula mia tatu.

Profesa Eyeson akasimama. Akatembea kutoka nyuma hadi mbele, viatu vyake ko, ko, ko. Akaninyang'anya chaki. Nikafunga macho.

"Kabla sijaolewa," akawaambia wanafunzi, "niliitwa Ewurabena Dadzie."

Sijui nilikaa vipi. Nilijikuta tu nimekaa kwenye kiti cha Nhyira, naye amesogea.

Akasema alikuwa na miaka ishirini na tisa, hesabu ile ya miaka minne ni yake, na mwandishi wa gazeti aliinukuu sawasawa. Akasema kila siku anapita mbele ya wale mbuzi na kila siku anageuza uso, na tangu kiwanda kife hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza ilikuwaje. Watu humuuliza habari za afya, za watoto, za mvua. Kiwanda, hapana. Kisha akafuta ubao wangu wote, hata grafu ya rangi tatu, akaanza upya. Hesabu yake ya zamani kushoto. Yaliyotokea kulia. Alikadiria umeme wa saa ishirini na nne. Ukaja wa kubahatisha. Mkopo ulikuwa wa dola. Cedi ikaanguka, mkopo ukavimba. Barafu ikayeyuka kabla ya kuuzwa, akasema, na mwishowe paa likauzwa kulipa riba. Akakohoa, akaendelea.

Hakuna aliyelala. Hakuna! Mikono ilikuwa juu kama shamba la mihogo. Mmoja akauliza kama jenereta ingesaidia, wakapiga hesabu pamoja, isingesaidia. Nhyira akauliza kodi ya Anti Mansa na malisho ya mbuzi yaingizwe kama mapato. Profesa akacheka mpaka akashika meza, kisha akayaingiza kweli. Kengele ilipolia waligoma kutoka. Na mimi, niseme ukweli wangu hapa ambapo hakuna anayesoma, nilisikiliza kama mtoto. Ni hesabu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwenye ubao ule, na yangu haikuwemo.

Wanafunzi walipotoka Profesa akanigeukia. Macho mekundu kidogo. Akasema miaka kumi na moja amengoja mtu mwenye ujasiri wa kumwekea kosa lake mbele ya uso, hadharani, na hata kujitia mjinga makusudi ili yeye apate pa kuanzia. Akasema kumbe siku zote hakunijua.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ilikuwa nafasi fupi. Nikainamisha kichwa na kusema, "Ualimu ni kujitoa, Profesa."

Somo linabaki kwangu! Sharti moja: gazeti lolote lisilo na tarehe lisiingie darasani, na kila mradi wanafunzi waufuate kwa miguu, wauone. Nimeahidi mbele ya Brandful. Tai yake ya dhahabu ilikuwa imelegea. Nje mlangoni alininong'oneza, "Uliipata wapi ile habari?" Nikamwambia kila mtaalamu ana vyanzo vyake.

Nhyira alikuwa anangoja kwenye ngazi. Alisema tu kwamba yeye na mimi tunajua. Nimempa tisini. Kwa ile hesabu ya msiba, ambayo, nikiifikiria vizuri, ilikuwa na heshima kubwa kwa marehemu.

Jumatatu, 23 Februari

Maisha ni matamu. Profesa amenikaribisha kiti. Kwenye chumba cha walimu wananiita Bwana Barafu, nami naitika. Brandful nimemwelekeza kwa Anti Mansa, kwa huruma tu, na mchana nimemwona pale ukutani akila ndizi ya nne, leso imemwishia, mbuzi akiitazama tai. Anti Mansa akanipungia mkono.

Nami nikanunua yangu moja, kwa mazoea. Na humo ndani! Mkono wa bahati, mimi!

Kampuni mpya ya kutengeneza mabehewa ya reli, hapa hapa mjini, inauza hisa kwa wananchi. Cedi elfu tano tu kila hisa. Faida inatabiriwa kuanzia mwaka wa pili. Nimeipiga hesabu mara tatu, haina kasoro. Akiba ya friza ya Yaaba inatosha hisa moja kamili. Moja tu, lakini ya mwanzo mwanzo! Mtu mwenye hisa moja leo ni mkurugenzi wa kesho. Yaaba sitamwambia, atajionea friza kumi zikiteremshwa mlangoni.

Tarehe haipo, ni kweli. Lakini ahadi niliyompa Profesa ilikuwa ya darasani. Hii ni pesa yangu ya nyumbani, na karatasi ni nyeupe kabisa, haina doa, ni ya wiki hii. Kesho asubuhi nakwenda benki kabla Brandful hajafika kwenye ndizi hiyo.

Jambo dogo tu linanisumbua: ofisi yao siioni. Anwani inasema ni mkabala na stesheni, na jioni hii nimepita pale polepole, pande zote mbili. Pana gofu tu la zamani, na mbuzi. Labda wako nyuma yake. Kesho nitaulizia.